Takadini: Mtoto Aliyeambiwa Asiishi

Takadini, kitabu cha Ben Hanson kilichotoka mwaka 1997, kimesomwa kwa miaka mingi kwenye fasihi ya Kiingereza katika sekondari za Tanzania. Wengi hukariri wahusika na dhamira, mtihani ukiisha, basi! Safari hii tukisome pamoja kama kitabu cha haki na afya.

Hadithi kwa kifupi
Tuko kwa Washona wa zamani, katika nchi ambayo leo ni Zimbabwe. Sekai, mke mkubwa wa Makwati, amekaa miaka mingi bila mtoto. Hatimaye anajifungua mvulana, kumbe ana ualbino. Mila inataka mtoto huyo auawe. Sekai anambeba mwanawe na kutoroka. Anapokelewa katika kijiji cha chifu Masasa, na mzee Chivero anamfundisha kijana kupiga mbira.

Jina Takadini kwa Kishona ni swali: "Tumefanya nini?" Yaani, tumekosa nini hata tukapata mtoto kama huyu?

Sayansi inajibu
Hakuna aliyekosa. Ngozi, nywele na macho hupata rangi kutokana na melanini. Mwili wa mwenye ualbino hutengeneza melanini kidogo sana, au hautengenezi kabisa. Hali hii hurithiwa kutoka kwa baba na mama, hata kama wote wawili ni weusi. Wazazi wote wakiwa wamebeba chembe hiyo ya urithi, kwa kila mimba kuna nafasi 1 kati ya 4 ya mtoto kuzaliwa na ualbino.

Sasa rudi kitabuni. Nani analaumiwa? Sekai! Makwati je? Chembe moja ilitoka kwake, lakini lawama zote ni za mama. Mwishoni Takadini anapata mtoto na Shingai, na mtoto hana ualbino. Huo si muujiza. Kama Shingai hakubeba chembe hiyo ya ualbino, watoto wao wataibeba tu bila kuonyesha dalili.

Si mambo ya kale
Usidhani hayo yalikuwa ya Washona wa zamani tu. Tanzania, kuanzia katikati ya miaka ya 2000, watu wenye ualbino waliuawa au kukatwa viungo kwa sababu ya waganga walioahidi utajiri. Mwaka 2024 mtoto mdogo aliuawa mkoani Kagera. Wapo pia wanaosema eti watu hawa hawafi, wanapotea tu. Ukiambiwa mtu hafi, ni rahisi kutomlilia akiuawa. Uongo huo ndio unaofungua njia ya ukatili.

Fasihi inaziba njia hiyo. Kitabu kinampa mtoto huyu jina, mama, rafiki na mpenzi. Ukishamjua hivyo, huwezi tena kumwita "zeruzeru" ukacheka. Sema mtu mwenye ualbino: mtu kwanza. Na tusiishie kwenye huruma. Mwaka 2010 wananchi wa Lindi Mjini walimchagua Salum Barwani, mwenye ualbino, kuwa mbunge wao. Walimpa kura.

Adui mwingine: jua
Kansa ya ngozi huwaua wengi mapema, nayo huzuilika. Kinga ni kofia pana, mikono mirefu, kivuli, na mafuta ya kuzuia jua kama yale yanayotengenezwa kwenye kituo cha magonjwa ya ngozi, KCMC Moshi. Kidonda kisichopona kionwe na daktari mapema.

Macho nayo huona kwa shida. Mwanafunzi mwenye ualbino anaweza kufeli si kwa sababu hana akili, ila haoni ubao. Mpe nafasi mbele, msomee yaliyoandikwa, na muombe mwalimu asimsimamishe paredi juani.

Jadilini darasani au kwenye klabu
1. Kama Makwati angejua chembe ya urithi ilitoka kwake pia, angemtetea Sekai?
2. Je, ingekuwaje kama mtoto wa Takadini naye angezaliwa na ualbino? Kijiji kingempokea?
3. Shuleni kwenu, nani hukaa peke yake wakati wa mapumziko? Hadithi yake mnaijua, au mnajua jina la utani tu?