Pembe ya Afrika: Ardhi, Watu na Siasa

Fungua atlasi yako kwenye ramani ya Afrika, kisha fuata pwani ya mashariki kutoka Lamu kwenda juu. Utaona nchi kavu inajitokeza baharini kama pembe ya kifaru. Eneo hilo ndilo Pembe ya Afrika, na kwa kawaida huhesabiwa nchi nne: Ethiopia, Eritrea, Jibuti na Somalia.

Angalia neno "kwa kawaida". Pembe ya Afrika si dola wala jumuiya. Haina katiba, bunge wala mkataba uliochora mipaka yake. Waandishi wengine huongeza Sudan, Sudan Kusini, Kenya na Uganda, nao husema "Pembe Kuu ya Afrika". Wanafunzi wengi hupoteza alama hapa kwa kuichanganya na IGAD. IGAD ni shirika lenye makao yake makuu Jibuti. Lilianza mwaka 1986 kama chombo cha kupambana na ukame na kuenea kwa jangwa, likapanuliwa majukumu na kupewa jina la sasa mwaka 1996. Swali likitaja eneo, eleza eneo. Likitaja shirika, eleza shirika.

Ardhi na hali ya hewa

Katikati ya Ethiopia kuna nyanda za juu zilizopasuliwa na Bonde la Ufa. Mlima Ras Dashen una urefu wa zaidi ya mita 4,500. Ukishuka upande wa kaskazini-mashariki unaingia bonde la Danakil, mojawapo ya sehemu zenye joto kali zaidi duniani, na ndani ya Jibuti lipo Ziwa Assal, takriban mita 155 chini ya usawa wa bahari. Hakuna mahali pa chini zaidi katika Afrika nzima.

Nyanda hizo ndizo tangi la maji la eneo. Mto Abbay, yaani Nile ya Buluu, unatoka Ziwa Tana. Mito Juba na Shabelle pia huanzia Ethiopia, kisha huteremka Somalia, na kingo zake ni kati ya sehemu chache za Somalia zenye kilimo cha uhakika. Kwa hiyo mvua ikikosekana milimani Ethiopia, mkulima wa Somalia huumia pia.

Swali ambalo watahini hulipenda: kwa nini pwani ya Somalia ni kame ilhali imepakana na bahari? Usijibu "kwa sababu kuna jangwa", maana hilo ndilo linaloulizwa. Pepo za kusi, zilezile zinazojulikana Zanzibar na Mombasa, zikifika huko huvuma karibu sambamba na pwani, hivyo haziingizi unyevu mwingi bara. Tena husukuma maji ya juu mbali na ufuo, na maji baridi ya kina huibuka mahali pake. Hewa iliyo juu ya maji baridi haipandi kwa urahisi, na isipopanda mawingu ya mvua hayafanyiki.

Watu

Ethiopia peke yake ina zaidi ya watu milioni 120, ya pili Afrika baada ya Nigeria. Jibuti ina takriban milioni moja tu. Wengi wa Waethiopia huishi nyanda za juu, kwenye mvua, udongo mzuri na ubaridi usiopendwa na mbu wa malaria. Nyanda za chini ni makao ya wafugaji wa ngamia, mbuzi na kondoo, nao wametawanyika.

Mipaka haikufuata watu. Waafar wamegawanyika katika Ethiopia, Eritrea na Jibuti. Wasomali wamegawanyika zaidi, na njia nyepesi ya kukumbuka ni nyota ya bendera ya Somalia. Pembe zake tano ziliwakilisha sehemu tano walikoishi Wasomali: iliyokuwa ya Waingereza kaskazini, iliyokuwa ya Waitalia kusini, Jibuti, Ogaden iliyo Ethiopia, na kaskazini-mashariki mwa Kenya. Mbili za kwanza ziliungana tarehe 1 Julai 1960. Tusisahau pia kwamba huko Barawa, kusini mwa Mogadishu, kuna wenyeji ambao lahaja yao, Chimwini, ni ya Kiswahili.

Siasa

Nyota hiyo iligharimu damu. Mwaka 1964 nchi za Umoja wa Nchi Huru za Afrika zilikubaliana kuheshimu mipaka ya wakoloni, Somalia ilikataa. Mwaka 1977 jeshi la Siad Barre liliingia Ogaden, likafukuzwa mwaka uliofuata baada ya Wasovieti na Wakuba kuisaidia Ethiopia. Utawala wa Barre ulidhoofika, ukaanguka Januari 1991. Mwezi Mei mwaka huohuo Somaliland ilitangaza kujitenga, lakini Umoja wa Afrika haujaitambua.

Suala la pili ni bahari. Eritrea ilipopata uhuru mwaka 1993, baada ya vita vya miaka thelathini, Ethiopia ilibaki bila pwani. Nchi hizo mbili zilipigana tena mwaka 1998 hadi 2000, na hazikupatana rasmi hadi 2018. Leo zaidi ya asilimia 90 ya bidhaa za nje za Ethiopia hupitia bandari za Jibuti. Ndiyo maana mapatano ya Januari 2024 kati ya Ethiopia na Somaliland kuhusu njia ya baharini yaliikasirisha sana Mogadishu.

Jibuti nayo hujipatia kipato kwa mahali ilipo. Iko kando ya mlango-bahari wa Bab el Mandeb, njia ya meli ziendazo Mfereji wa Suez. Ufaransa, Marekani, Japani, Italia na China zote zina kambi za kijeshi humo.

Jaribu swali hili kabla ya kuendelea na sura inayofuata:

"Kukosa pwani ndicho chanzo kikuu cha migogoro ya Pembe ya Afrika." Jadili. (alama 20)

Usikimbilie kukubali. Kukosa pwani kunaeleza msimamo wa Ethiopia kwa Eritrea na Somaliland, lakini hakuelezi vita vya Ogaden, vilivyotokea Ethiopia ikiwa bado na bandari za Massawa na Assab. Wala hakuelezi vyema vita vya Tigray vya 2020 hadi 2022, vilivyotokana hasa na ugomvi wa madaraka ndani ya Ethiopia. Tenga angalau aya moja kwa mipaka ya wakoloni na nyingine kwa maji ya Nile, ukitaja bwawa kubwa ambalo Ethiopia ilianza kulijenga mwaka 2011 na ambalo Misri imelipinga.