Posho ya Mpagazi: Kutoa Sehemu Zenye Asili Mbalimbali

Zamani, kabla reli haijafika Tabora mwaka 1912, mizigo ya njia ile ndefu ya Bagamoyo na Ujiji ilichukuliwa mabegani, na Wanyamwezi ndio waliosifiwa sana kwa kazi hiyo. Barani watu walinunua chakula kwa shanga, kwa nyaya za shaba, na kwa kitambaa cha merikani, kilichoitwa hivyo kwa kuwa kilitoka Marekani. Kitambaa kilipimwa kwa doti. Doti moja ni shuka 2, na shuka moja ni mikono 4. Basi doti ina mikono 8.

Na afikiriwe mpagazi mmoja, mtu wa Lusu, upande wa kaskazini wa Tabora. Alikuwa na robo tatu ya doti, akatoa nusu doti kununua mtama. Je, alibakiwa na sehemu gani ya doti?

Mwanafunzi mwenye haraka hutoa namba za juu, 3 − 1 = 2; kisha hutoa za chini, 4 − 2 = 2; akaandika 2/2. Lakini 2/2 ni doti nzima! Mtu alikuwa na robo tatu, akatoa nusu, naye abakiwe na nguo kubwa kuliko ile ya kwanza? Kitambaa hakizai njiani.

Kosa ni hili. Namba ya chini, yaani asili, haihesabu vipande, bali hutaja ukubwa wa kipande. Robo na nusu si vipande vya ukubwa mmoja, kama vile pishi na kibaba si kipimo kimoja. Mtu mwenye pishi 3 akitoa vibaba 2, hawezi kusema imebaki 1. Sharti kwanza azigeuze pishi kuwa vibaba, navyo ni 12, ndipo atoe 2, vibaki 10. Vivyo hivyo robo tatu ya doti ni mikono 6, yaani 6/8. Nusu doti ni mikono 4, yaani 4/8. Sasa asili ni moja: 6/8 − 4/8 = 2/8, yaani robo doti.

Haya, hesabu ya pili ni ngumu zaidi, na yule mpagazi aliihitaji kuliko ya kwanza. Kati ya Ugogo na Unyanyembe palikuwa na pori lililoitwa Mgunda Mkali, ambalo misafara iliogopa kwa uhaba wa maji na chakula. Mpagazi aliingia porini na mfuko wa mtama uliojaa 5/6. Alipofika katikati alikuwa amekula 3/8 ya mfuko. Mfuko ukijaa huchukua vibaba 24, na posho ya mtu ni kibaba 1 kwa siku. Kirangozi akasema, “Zimebaki siku 9.” Je, chakula chatosha?

Itafutwe namba inayogawanyika kwa 6 na kwa 8 pasipo baki. Namba 48 yafaa, lakini 24 ni ndogo, na ndogo hupunguza kazi. 5/6 ni sawa na 20/24; 3/8 ni sawa na 9/24. Basi 20/24 − 9/24 = 11/24. Vimebaki vibaba 11, siku ni 9. Chakula chatosha, na vibaba 2 vyazidi.

Lakini mfuko wa mwenzake ulipasuka, mtama ukamwagika, naye akaomba 1/8 ya mfuko. 1/8 ni 3/24; basi 11/24 − 3/24 = 8/24, yaani theluthi. Vibaba 8 kwa siku 9! Yule mtu wa Lusu akimpa mwenzake yote aliyoomba, atalala njaa siku moja.

Maswali

1. Akitaka asilale njaa hata siku moja, aweza kumpa mwenzake sehemu gani ya mfuko?

2. Mzigo wa chumvi ya Uvinza ulijaa 7/8 ya kikapu. Theluthi mbili za kikapu zikauzwa. Imebaki sehemu gani?

3. Mtu alikuwa na 5/8 ya doti, akalipa nusu doti. Amebakiwa na mikono mingapi?