SOMO LA BIMA: Nani Atapima Hasara ya Dhoruba?

Wakulima wengi wanakumbuka mvua kubwa za Machi hadi Mei 2024. Maji yalibomoa nyumba, yakachukua mifugo na kuharibu mashamba. Mwenye bima anaweza kudai fidia, lakini hulipwa kwa kadiri hasara inavyopimwa. Basi ni lazima ajue nani anapima, na ni nani anayemlipa.

1. Wakadiri wawili

Ukitoa habari ya hasara kubwa, kampuni ya bima hutuma mkadiri wa hasara. Mtu huyu hulipwa na kampuni. Si kusema kwamba ni mwongo, ila hakuajiriwa kukutetea wewe. Wewe nawe waweza kuajiri mkadiri wako, umlipe mwenyewe, akusaidie kuhesabu hasara na kuzungumza na kampuni.

2. Kazi isiyo na malipo

Kabla ya kuajiri mtu, fanya haya:
(a) Piga picha kabla ya kuondoa kitu chochote.
(b) Andika kila kilichoharibika, na bei yake.
(c) Peleka habari kwa kampuni upesi, kwa maandishi, ubaki na nakala.
(d) Funika paa lililoezuliwa ili hasara isizidi, na uweke stakabadhi za gharama.
(e) Usitupe mabati wala magunia yaliyoharibika kabla hayajakaguliwa.

3. Soma hati yako

Bima ya moto peke yake hailipi mafuriko. Dhoruba na mafuriko ni lazima yawe yametajwa katika hati.

Tena angalia thamani uliyoandikisha. Tuseme ghala lako lina thamani ya Sh. 400,000, nawe ulilikatia bima ya Sh. 200,000, yaani nusu. Upepo ukileta hasara ya Sh. 100,000, kampuni kwa kawaida italipa nusu, Sh. 50,000, na pengine itatoa kwanza kiasi ambacho hati inasema utabeba mwenyewe. Mkadiri wako akitaka asilimia 10 ya malipo, Sh. 5,000 nyingine zimekwenda. Hakuna mkadiri awezaye kukupatia jambo ambalo hati haikuahidi. Kwa hiyo, hasara ikiwa ndogo, dai mwenyewe. Ikiwa kubwa, au kampuni ikitoa kiasi kidogo bila kueleza sababu, hapo msaada wa mkadiri wafaa.

4. Mapatano

Jihadhari na mtu ajaye mlangoni siku ya pili baada ya dhoruba akiwa na karatasi ya kutia sahihi. Mwulize leseni yake, kisha uihakikishe kwa Mamlaka ya Udhibiti wa Bima. Ada iandikwe kabla ya kazi kuanza. Katika jimbo la Florida, Marekani, ambako vimbunga ni vingi, sheria haimruhusu mkadiri wa mwenye bima kutoza zaidi ya asilimia 10 katika mwaka wa kwanza baada ya maafa yaliyotangazwa na gavana. Kipimo hicho kikusaidie unapopatana bei. Hundi iandikwe kwa jina lako. Wala usitie sahihi hati ya kukubali malipo ya mwisho kabla ya kuielewa, maana baadaye ni vigumu kudai zaidi.

Maswali ya kujijibu
1. Je, hati yangu inataja dhoruba na mafuriko?
2. Je, thamani niliyoandikisha yatosha kujenga upya leo?

Jibu likiwa "la", nenda kwa wakala wako kabla ya masika.