Somo la Springi: Gari Kuukuu kama Zana ya Kufundishia

Katika mazoezi ya kufundisha huko Chala, mwalimu mwanafunzi mmoja alipata zana ambayo hakuna chuo kiwezacho kumpa. Jirani wa shule alikuwa akitengeneza nyumbani kwake springi za mbele za Land Rover kuukuu, ya aina ya Series III iliyoundwa kati ya mwaka 1971 na 1985. Darasa la sita likaenda kutazama, nami nikafuatana nao nikiwa msimamizi.

Nianze na kosa. Jeki ni ya kuinulia gari, si ya kulishikilia. Yapasa magurudumu ya nyuma yakingwe kwa mawe, chasisi ilazwe juu ya magogo manene, na mstari uchorwe ardhini ambao mtoto hauvuki. Siku ile mstari haukuchorwa. Nati ilibingirika, mtoto akaingiza kichwa chini ya gari kuiokota, na magogo yalikuwa bado hayajawekwa. Fundi alimvuta kwa shati. Hakudhurika, lakini nilisimamisha somo mpaka magogo yakawekwa na mstari ukachorwa.

Springi yenyewe ni mabamba ya chuma yaliyopangwa na kufungwa katikati kwa boliti. Kwa nini mengi membamba, si moja nene? Wape watoto fito bapa tatu za mwanzi zilizo sawa. Waegemeze ufito mmoja juu ya matofali mawili, watundike mfuko wa mchanga katikati, wapime umeshuka kiasi gani. Kisha wazipange zote tatu. Zitashuka kama theluthi tu, nazo huteleza moja juu ya nyingine zinapopinda. Bamba moja lenye unene wa mara tatu lingekuwa gumu kupinda mara 27, yaani 3 × 3 × 3, na gari lingerusha abiria katika kila shimo la barabara ya Namanyere.

Bamba lililovunjika halikutupwa, kwani mhunzi hulifua likawa kisu au jembe. Usiache nafasi hiyo ipite: Wafipa waliyeyusha chuma katika tanuri refu la udongo, ilungu, ambalo hewa iliingia yenyewe kwa matundu ya chini pasipo mivukuto.

Fundi alipotia bushi mpya, alizipachika boliti zake bila kuzikaza. Msichana mmoja akauliza sababu. Mwalimu mwanafunzi akajibu, “Ndivyo kitabu kinavyoagiza.” Jibu hilo liliniudhi kuliko kosa la mstari.

Bushi ni mpira ulioshikana na mabomba mawili ya chuma, la nje na la ndani. Boliti ikikazwa, bomba la ndani halizunguki tena. Springi inapocheza, kinachosokoteka ni mpira. Ukikaza gari likiwa hewani, springi imening'inia. Likishushwa, mpira hubaki umesokotwa daima, nao huchanika upesi. Kwa hiyo gari hushushwa kwanza juu ya magurudumu yake, ndipo boliti hukazwa. Watoto wawili washike ncha za kipande cha mpira wa baiskeli, wausokote, waushike hivyo dakika tano. Mikono itawaeleza.

Kesho yake mwalimu yule alilirudia swali mbele ya darasa, akakiri kwamba hakujua, akagawa vipande vya mpira. Baada ya juma moja msichana yule alikwenda kwa jirani na daftari lake kuandika ni nati zipi zilizolegea na kuhitaji kukazwa tena.