Kiwavi wa kwenye matembele

SWALI: Nimeokota kiwavi mnene, ana pembe mkiani, kwenye matembele. Naweza kumlea mpaka awe nondo?

JIBU: Unaweza. Kwa maelezo yako, yaelekea ni Agrius convolvuli, na pembe yake haidungi. Mpe matembele mabichi kila siku, yasiyopuliziwa dawa. Usimpe mchicha, ataususa. Maji ya kunywa hahitaji, na kinyesi kiondoe kabla hakijaota ukungu.

Wengi huharibu mwishoni. Kiwavi akiacha kula na kuhangaika huku na huko, si mgonjwa: anatafuta udongo wa kujifukia. Mwekee kwenye ndoo udongo laini, wenye unyevu kidogo, kina cha sentimita 15 hivi, ufunike kwa chandarua. Kisha usimfukue! Kukiwa na joto, pupa huchukua wiki mbili tatu; kukiwa na baridi, zaidi. Simamisha vijiti ndani ya ndoo, maana nondo akitoka lazima apande na kuning'inia ili mabawa yanyooke. Akikosa, hukauka yakiwa yamekunjamana, asiruke tena.

Wakitoka nzi badala ya nondo, mama yao alishataga mayai kwa kiwavi huko shambani.

Mwachie jioni, mbali na viazi vya jirani.