Usimwambie mteja "65W" kabla hujapima

Wauzaji wenzangu wa Musoma, Bunda na Butiama, mteja wa sola akiuliza kompyuta inakula umeme kiasi gani, usimsomee tu wati za prosesa. Core i5-12400 imeandikwa 65W, lakini ikibanwa Intel wenyewe wanaruhusu hadi 117W.

Pima hivi: zima vitu vingine vyote ndani, soma LUKU. Iwashe saa 1 bila kazi, halafu saa 1 ukiibana na video nzito za kuedit. Wati 1000 kwa saa 1 ni uniti 1. Mfano: 0.04, kisha 0.14. Tofauti ni wati 100, nyingi za prosesa, kidogo pawasaplai.

Inveta ipigie hesabu ya 140 zote, na akiba juu. Ikizidiwa inazima, na mzigo unarudi kwako.