NYUMBA PEKE YAKE HAIPONYESHI MUTU



Mwezi huu tunajifunza habari ya watu waliopatwa na msiba mukubwa, wakapoteza makao yao, wakawekwa katika nyumba za kungojea. Ulizo letu ni hili: mutu akiisha kupewa nyumba, chakula na dawa, anahitaji kitu gani tena kusudi asiwe mugonjwa? Wengi wetu tungejibu: hahitaji kitu. Hata kule Japani, inchi yenye wanganga wengi na mali nyingi, walifikiri karibu hivyo. Kisha walifundishwa na matokeo, tena kwa uchungu.

1. Kobe: kura ya haki, matunda machungu

Tarehe 17 mwezi wa kwanza 1995, mbele ya jua kutoka, inchi ilitetemeka katika muji wa Kobe na kandokando yake. Watu zaidi ya 6,400 walikufa. Nyumba nyingi ziliangushwa, nyingine ziliteketezwa na moto. Serikali ilijenga kwa haraka nyumba za kungojea zaidi ya 48,000. Zilikuwa nyumba ndogo za kuta nyembamba, zimepangwa mustari kwa mustari. Nyingi zilikuwa mbali na katikati ya muji, kwa sababu huko ndiko viwanja vilipatikana.

Sasa, nani aingie kwanza? Wakubwa wa kule walitaka kutenda haki. Walisema: wazee, walemavu na wamama wanaolea watoto peke yao, hao watangulia. Tena walipiga kura kusudi mutu asiseme kwamba kuna upendeleo. Wandugu, tusiwacheke. Hata sisi tungefanya hivyo.

Lakini tuangalie matokeo. Watu wa mutaa mumoja walitawanyika. Muzee aliyeishi miaka 40 karibu na rafiki zake alijikuta katikati ya wageni, naye hakujua jina la mutu wa mulango wa pili. Na kwa kuwa wazee na wazaifu walitangulia, kambi nyingine zilijaa watu wasio na nguvu ya kusaidiana. Nyumba walikuwa nayo, mvua haikuwapiga. Jirani ndiye aliyekosekana.

Halafu kulianza jambo la kuhuzunisha. Watu walikufa katika zile nyumba, na hakuna mutu aliyejua. Pengine siku nyingi zilipita mbele ya mulango kufunguliwa. Wajapani wana neno la jambo hilo, kodokushi, maana yake kufa peke yako. Katika miaka ile ya nyumba za kungojea, mpaka za mwisho zilipofungwa mwanzo wa 2000, vifo vya namna hii vilipita 200. Wengi wao walikuwa wanaume, tena wengi hawakuwa wazee kabisa. Walikuwa na miaka 50 ao 60 hivi. Kazi imepotea, bibi hayupo, rafiki wako mbali, na chupa ya pombe iko karibu. Mutu anaacha kula vizuri, anaacha dawa zake, na hakuna wa kumwambia: «Rafiki, leo unaonekana vibaya.»

Mwuguzi mumoja wa kule, jina lake Kuroda Yuko, aliacha kazi yake ya hospitali akaenda kutumika katika kambi moja ya nyumba zaidi ya 1,000. Kazi yake haikuwa ya sindano tu. Yeye na wenzake walipita mulango kwa mulango, wakaamkia watu, wakaangalia nani hajaonekana leo. Walijua kwamba mulango usiofunguliwa ni alama ya ugonjwa, kama vile homa.

2. Kwa nini upweke unaharibu mwili?

Wengine watasema: upweke ni huzuni tu, si ugonjwa. Tuangalie kwa taratibu.

Kwanza, mwili usiotumika unalegea. Mulimaji aliyepoteza shamba lake, sasa anakaa katika chumba kidogo. Maji yako karibu, chakula kinaletwa. Anakaa, analala, anakaa tena. Kiisha miezi michache miguu inakosa nguvu, hata kupanda ngazi ni shida. Hakuumizwa na tetemeko. Aliumizwa na kukaa.

Pili, akili nayo inahitaji kazi. Kuongea, kucheka, kubishana bei, kukumbuka majina, yote ni mazoezi ya akili. Mutu asiyeongea na wengine anasahau upesi zaidi, analala vibaya, na huzuni inamuzidi.

Tatu, wenzetu ndio macho yetu. Mara nyingi mugonjwa hajioni. Jirani ndiye anayesema: «Umekonda», ao «Twende kwa munganga.»

Mutu anaweza kupinga hivi: «Pengine munageuza mambo. Aliye mugonjwa ndiye hawezi kwenda kwenye mikutano. Basi ugonjwa ndio unaleta upweke, si upweke unaoleta ugonjwa.» Pingamizi hilo ni nzuri, na ni kweli kwa sehemu. Kulijibu, ingefaa kujua hali ya watu mbele ya msiba. Lakini nani anaweza kujua siku ya msiba mbele?

3. Iwanuma, 2011

Jambo hilo lilitokea bila kutazamiwa. Iwanuma ni muji mudogo wa kandokando ya bahari, upande wa kaskazini-mashariki ya Japani. Katika 2010 wachunguzi wa elimu ya afya waliuliza wazee wa muji ule habari za maisha yao: afya yao, rafiki zao, vyama vyao. Miezi saba nyuma, tarehe 11 mwezi wa tatu 2011, tetemeko la nguvu ya 9 lilipiga, na mawimbi makubwa ya bahari, ndiyo tsunami, yakafunika karibu nusu ya inchi ya muji ule. Katika 2013 walirudi kuuliza wazee zaidi ya 3,000 walewale. Kwa hiyo walijua hali ya kila mutu mbele ya msiba na nyuma yake.

Sasa tusikilize vizuri. Wengine waliopoteza nyumba walihama mumoja mumoja, kwa kura ao kwa kujitafutia. Wengine muji uliwahamisha kwa kikundi, mutaa pamoja, jirani kando ya jirani yake wa zamani. Wale waliohama mumoja mumoja walipunguza kutembelea rafiki na kushiriki katika vyama. Lakini waliohama kwa kikundi waliongeza! Msiba ulikuwa ule ule, nyumba zao zote zilipotea. Tofauti ilikuwa namna ya kuhamishwa. Tena ilionekana kwamba wazee ambao nyumba zao ziliharibika sana, akili yao ilipunguka zaidi, lakini kushikamana na watu kulipunguza hasara ile.

Hatusemi kwamba jirani ni dawa ya magonjwa yote. Mwenye ugonjwa wa damu kupanda ameze dawa zake. Tunasema tu kwamba kupanga nani atakaa karibu na nani, ni kazi ya afya pia.

Mbele ya Iwanuma, watu wa Yamakoshi walikuwa wamekwisha kufaidika na fundisho la Kobe. Yamakoshi ni kijiji cha milimani. Tetemeko la tarehe 23 mwezi wa kumi 2004 lilikata barabara zote, na watu wote, kama 2,000, walitolewa kwa elikopta. Walipopewa nyumba za kungojea katika muji wa Nagaoka, walipangwa kufuata vijiji vyao vidogo, na wengi walirudi kwao milimani. Lakini katika 2011 fundisho halikufuatwa pahali pote. Watu walikuwa wengi, viwanja vichache, na katika miji mingi kura ilipigwa tena.

4. Kushiriki ni kuwa na kazi ya kufanya

Pengine mutu atafikiri kwamba kuweka majirani pamoja kunatosha. Haitoshi. Wanahitaji pahali pa kukutana na sababu ya kukutana. Kule Japani, kambi ya nyumba kama 50 ao zaidi inaweza kujengewa nyumba ya mikutano. Watu wanakunywa chai pamoja, wanashona, wanalima bustani ndogo. Tena kuna mazoezi ya viungo yanayoongozwa na radio kila asubuhi. Wajapani walianza desturi hiyo tangu 1928. Muzee anayetoka kufanya mazoezi na wenzake anapata faida mara mbili: mwili umetikiswa, tena watu wamemuona.

Lakini walitambua shida moja: wanaume hawakupenda kuja kunywa chai. Mwanaume aliona haya kukaa bure. Ukimuita kwa chai, anakataa. Ukimuita atengeneze kiti, anakuja na nyundo.

Jambo hilo tulilielewa vizuri, kwa sababu sisi wenyewe tuliliona. Goma inafanana na Kobe kwa tarehe: 17 mwezi wa kwanza, mwaka wa 2002, moto wa Nyiragongo uliingia katika muji. Tena tarehe 22 mwezi wa tano 2021 mulima ulipasuka tena, na siku chache nyuma watu wengi sana walikimbia. Jamaa kadhaa zilifika hapa kwetu, zikalala katika madarasa. Wakati ule wengi wetu tulikuwa bado wadogo. Tulileta mikeka, maharagi na bidoni za maji. Tuliwaambia: «Mukae tu, mupumzike.» Tulizani huo ndio wema wote.

Kati yao kulikuwa muzee mumoja, fundi wa mbao. Siku tatu alikaa kando ya ukuta, hakuongea, chakula alikiacha nusu. Siku ya ine mwalimu mumoja alimuonyesha mabanki yaliyovunjika, akamuuliza: «Baba, haya yanaweza kutengenezwa?» Muzee akasimama. Akaomba misumari, akatuma watoto wawili wamushikilie mbao, akaanza kuwagombeza kwamba hawajui kushika. Mangaribi akamaliza sahani yake. Banki moja katika hizo, hata leo tunaikalia.

Basi, tulikosa pahali gani? Si kwa kuleta maharagi. Maharagi yalikuwa ya lazima. Tulikosa kwa kumugeuza mutu kuwa mukono wa kupokea tu. Aliyepoteza nyumba hajapoteza ufundi wake, wala akili yake, wala jina lake. Wazee wetu wanasema kidole kimoja hakivunji chawa. Na kidole cha mutu aliyehamishwa, nacho ni kidole.

5. Maulizo ya kujibu katika vikundi

a) Kura ya Kobe ilikuwa ya haki ao hapana? Toeni sababu za pande mbili.

b) Kwa nini habari ya Iwanuma ina nguvu kuliko kuuliza watu nyuma ya msiba tu?

c) Kama jamaa 30 zingefika hapa kesho kutoka mitaa mitatu, mungezipanga namna gani katika madarasa? Choreni kwenye karatasi, na muonyeshe pahali pa kukutana.

d) Juma hili mutembelee mutu mumoja aliyehamishwa, ao muzee anayeishi peke yake. Musimuulize tu: «Unakosa nini?» Mumuulize tena: «Unajua kazi gani?» Kisha mutuandikie alivyojibu.